Sikuzaa Honi

Mjomba wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wenzake humwita Kobe. Si kwamba ni mvivu. Malori ya kampuni yao yamefungwa vidhibiti mwendo, hayavuki kilomita themanini kwa saa, na yeye peke yake ndiye ambaye hajawahi kujaribu kukichezea cha kwake. Miaka kumi na tisa ameitumikia kampuni hiyohiyo.

Barabara kuu anayopita iko hatua mia mbili tu kutoka mlangoni kwa bibi, mama yake mzazi. Kila baada ya siku tisa hupita na mzigo, na hapiti bila kupiga honi: mbili fupi, moja ndefu. Lakini hasimami. Zamani alikuwa akisimama, anakunywa chai, anamwachia bibi sabuni na habari za njiani. Kisha madereva wachache wakakamatwa wakinyonya dizeli ya kampuni na kuiuza vichochoroni, na wote wakatiwa kapu moja. Siku hizi kila lori lina kifaa cha kulifuatilia. Likisimama mahali pasiporuhusiwa kwa zaidi ya dakika tatu, alama yake kwenye kioo cha kompyuta ofisini hugeuka nyekundu, na injini inaweza kuzimwa kutoka hukohuko. Dereva aliyezimiwa injini huletewa mwenzake amalizie safari. Yeye hurudi kama abiria, na kazi ndiyo imekwisha.

Mwaka huu moyo wa bibi ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kukopa. Mjomba aliomba likizo, na msimamizi wa safari akamjibu kwa upole ambao, anasema, ulimuumiza kuliko matusi.

"Mzee wangu, hata mimi nina mama. Tumalize huu mkataba wa saruji, mwezi wa tatu uende ukapumzike."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Daktari alikuwa ameshamvuta mama yangu pembeni na kumwambia asihesabu miezi, ahesabu siku.

"Mwambie kaka yako," bibi alimwagiza mama, "honi yake naisikia. Lakini mimi sikuzaa honi. Nataka nimwone uso."

Ndipo mjomba akampigia msichana anayekaa mbele ya kile kioo. Hajawahi kumwona, wao madereva humwita Binti wa Kioo.

"Baba, mimi sina uwezo wa kukupa ruhusa," msichana alimwambia. "Ila dakika tatu ni zako, kanuni haikukatazi. Zikifika mbili na nusu nitakupigia."

Tukapanga. Angefika Jumamosi, saa nane mchana. Sisi tungempeleka bibi barabarani, ili dakika zisipotee kwa kutembea.

Saa saba na nusu mimi na jirani yetu seremala tulimwinua bibi na kiti chake.

"Bibi, unakula nini?" seremala aliuliza, jasho likimtoka. "Misumari?"

"Nakula mbao zako unazowaibia wateja," bibi akamjibu. "Twende, usiniangushe."

Tulimweka kwenye kivuli cha ukuta wa fundi pancha. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi, na mama alikuwa amemcheleweshea dawa ya mchana makusudi, kwa sababu ile dawa humlaza.

Saa nane ikapita. Mjomba akapiga simu: yuko kwenye mizani ya kupimia malori, lori lililo mbele yake limekutwa na uzito uliozidi, upimaji umesimama, foleni haisogei. Saa tisa hivyohivyo. Bibi alianza kuhema kwa vipande. Alishika kifua, akasema si kitu. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye mkubwa, kisha akatoa kidonge kwenye mkoba akampa.

Saa kumi na robo lori lilitokea, na mengine mawili ya msafara nyuma yake. Halikupiga honi. Mjomba aliruka chini kabla vumbi halijatulia, akaja mbio, mwili mzito, shati limemganda mgongoni.

"Mama. Mama, nimefika."

Bibi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, anakoroma kidogokidogo.

"Nimempa dawa, kaka," mama akasema. "Ningefanyaje?"

"Hujakosea."

Alimwita tena, akamsugua mikono, akamtikisa bega kwa vidole viwili.

"Mnyunyizieni maji," seremala alishauri.

"Mgonjwa wa moyo?" mama akamkata.

Mjomba alichuchumaa, akaibonyeza miguu ya bibi kwa kidole gumba. Pale alipobonyeza pakabaki shimo, na akalikazia macho. Nikatoa simu nipige picha, walau bibi aje aione.

"Acha, mpwa wangu," akasema. "Atasema nilikuja kupigwa picha, nikashindwa kumwamsha."

Nikairudisha mfukoni. Dereva wa lori la pili, lililosimama nyuma, alitoa mkono dirishani, akauacha hewani. Simu ya mjomba ikalia.

"Baba, mbili na nusu."

"Binti yangu, amelala."

"Baba," ikaja sauti ya chini, "msimamizi amesimama nyuma yangu."

Mjomba aliinuka. Alimtengeneza bibi kola ya gauni, akapanda lori lake, akaondoka.

Bibi aliamka baada ya saa moja, mate yamekauka pembeni mwa mdomo.

"Bado tu?"

"Alikuja, mama," mama yangu akasema. "Ulikuwa umelala."

Bibi alituangalia mmoja mmoja, kama watu wanaoficha sukari iliyomwagika. "Mwanangu hawezi kuja asiniamshe."

"Alikuja, bibi, haki ya Mungu," seremala akaapa.

"Na wewe umeshafundishwa la kusema."

Tulipotaka kumwinua alishika mikono ya kiti na kukataa. Tukakaa naye. Kila lori lililokuja aliinua kidevu, akalifuata kwa macho mpaka lipite. Ndipo mjomba alipopiga simu kutoka kituo chao cha kulala, kilomita themanini mbele, na mama akamwekea bibi simu sikioni.

"Mama, nilikuja," nilimsikia mjomba akisema. "Nilikushika miguu."

"Usijisumbue kunidanganya, baba," bibi akamwambia, kwa sauti ya kumbembeleza. "Najua ni foleni. Kazi ya watu hiyo. Wewe njoo taratibu, mimi nipo hapahapa barabarani."

"Haya, mama," mjomba akasema.