Kitanda Kisichopoa

Juzi kwenye makumbusho hapa Birmingham niliona kitanda cha wafanyakazi wa viwanda vya kale, kimezungushiwa kamba ya mahameli, na wenye nazo wakikisikitikia.

Nikamkumbuka mwalimu wetu aliyenukia lavenda. Alituambia kuwa zamani hizo mume na mke walipokezana kitanda kimoja kwa sababu ya zamu. "Maskini wale," alisema, kama kwamba yeye ndiye aliyeyakomesha mambo hayo. Niliwacheka kuliko darasa zima.

Alasiri ile, nyumbani kwetu mtaa wa Sparkbrook, mama aliingia akinuka grisi. Baba alikuwa akifunga viatu aende kiwandani.

"Kalale, Mama Asha. Kitanda bado kina joto."

Nikadhani alimpashia joto makusudi, kwa mapenzi. Mwalimu ana udhuru, hakuwahi kukanyaga kwetu. Mimi nililala chumba kimoja na kitanda kile.