Zohali na Mirihi Katika Nyumba ya Kazi

Mimi tangu zamani si mtu wa kuamini ovyo. Ukinisalimia kwa uchangamfu mno, najiuliza unataka nini. Basi enzi za Mdachi, hapa Morogoro, Banyani niliyekuwa nikimpimia mizigo dukani kwake aliponiambia, "Kaa, nikutazamie nyota zako, bure," nikashtuka palepale.

"Bure kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa sababu unataka kuniacha," akasema.

Kweli nilitaka kumwacha. Reli ilikwisha fika mjini, na stesheni walitafuta karani wa kusoma, kuandika na kusema Kiluguru, maana watu wa milimani walikuwa wakileta tumbaku na maharage yao kupakia na hawaelewani na yeyote. Mimi nilivijua vyote vitatu. Mkubwa wa stesheni, Mdachi mmoja, alinipa wiki mbili nikaanze. Ningepewa kofia yenye utepe mwekundu. Niliitaka kazi ile, jamani, niliitaka hadi nikawa naiota.

Ila kulikuwa na kiboko. Ukimjibu vibaya mkubwa wa Kidachi, hamsa wa ishirini, viboko ishirini na tano, hadharani, watu wanakutazama. Na hasira zangu nazijua mwenyewe.

Banyani akanieleza elimu ya kwao. Wanatazama nyota zilikaa wapi siku mtu alipozaliwa, kisha wanatazama leo zimefika wapi. Mbingu wameigawa nyumba kumi na mbili, na ile ya kumi ndiyo nyumba ya kazi. Akataka siku na saa yangu ya kuzaliwa. Sikuijua. Nani aliyeijua siku hizo?

Nikapanda milimani, upande wa Mkuyuni, kwa mama. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikamwambia nililofuata. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Mtu baki, siku yako ya kuzaliwa, anaitaka ya nini?"

Kwetu jambo hilo halitolewi hivihivi. Anayetaka kumroga mtu huanzia hapo. Na mama alikwisha mzika kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, kabla hajaacha ziwa, wala hakukubali kamwe kwamba ilikuwa homa tu. Nikambembeleza mpaka jua likainama. Mwishowe akanitajia mwezi wa Rajabu, Jumatano ya kwanza, jogoo la kwanza, mwaka walipopita wageni kupima njia. Njiani nikahesabu miaka kwa vidole. Kumbe nilikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani! Nikafurahi hata, nikijiona mtu mzima.

Banyani akafungua vitabu vyake, akachora mraba, akaugawa. Akahesabu tena tangu mwanzo.

"Utotoni uliugua sana?"

"Surua," nikasema.

"Humu naona kifo. Uliponaje wewe?"

Nikamwambia Mungu alipenda. Akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye nyumba ya kumi. Zohali na Mirihi zimekutana hapo, akasema, na mwezi wangu nao umo humo, na mwezi ndio moyo wa mtu. Zohali anafunga, Mirihi anachoma. Kazi mpya nikiianza sasa, mkubwa wangu atanionea, moyo utachemka, nami nitajibu. Ningoje Mirihi atoke, karibu miezi miwili.

Miezi miwili! Na mimi nina wiki moja iliyobaki! Nikamwambia uso kwa uso, "Bwana, unanifanya mjinga. Nikiondoka, nani atasema na watu wa milimani hapa dukani kwako?"

Hakukasirika. Alinipeleka ghalani akanionyesha marobota ya nguo ya duka alilotaka kufungua Kisaki. Niliyafunga kwa mikono yangu mwenyewe, na nilishangaa siku zote kwa nini hayaendi. Kumbe nyota hizohizo mbili zilimkalia vibaya na yeye. Mtu wa kunidanganya mimi, angejidanganya na yeye mwenyewe? Pale ndipo nilipolegea.

Tangu siku ile nikawa sishikiki. Mzee mmoja aligusa mizani, nikamfokea mpaka akabeba tumbaku yake akaondoka. Nikavunja mtungi kwa teke. Nikasema moyoni, hao sasa, Zohali na Mirihi, na bado hata sijavaa kofia! Nikauona mgongo wangu mbele ya umati. Siku ya kwenda stesheni ilipofika, sikwenda.

Kazi akapewa jamaa mmoja wa pwani, Kiluguru hajui hata salamu. Akavaa ile kofia mpaka vita vikaja, hakupigwa hata kofi. Mimi nilibaki na mizani. Kila treni ikipiga honi niliumia, nikamchukia Banyani kwa chuki ya kweli, huku nampimia mizigo yake.

Miaka ikapita, mama akazeeka, akawa wa kulala tu. Siku moja nimekaa kando ya kitanda chake namlaani Banyani yule, aliyenitungia uongo ili nisimwache. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hakukutungia," akasema. "Siku niliyokupa ilikuwa ya kaka yako."

"Mama!"

"Yeye yuko chini ya udongo. Wangemfanya nini tena?"

Nikamkumbuka Banyani na kidole chake juu ya mraba, ananiuliza nilipona vipi. Watu wote niliwashuku, mjini na stesheni. Mama sikumshuku hata mara moja.

Nikamwuliza, "Na yangu mimi ni ipi?"

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha akanitazama mimi, mwanawe wa kumzaa.

"Unaitaka ya nini?" akasema.

Alikufa mvua za mwaka ule. Hakunitajia.