Shule ya Jivu na Shule ya Bati

Jivu la asubuhi lina harufu yake. Si harufu ya moshi, kwa maana moshi umekwisha usiku. Ni harufu ya ubaridi, kama ukuta wa udongo uliorushiwa maji, na ukiinama vibaya linakuingia puani unapiga chafya hadi machozi yakutoke. Watu wengi wakiinusa harufu hiyo wanakumbuka jiko la mama. Mimi nakumbuka shule, kwa sababu enzi za Mjerumani, katika kijiji chetu kilicho kwenye vilima vya upande wa Kolo, jivu ndilo lililokuwa ada yetu. Kila mtoto alifika asubuhi na kibuyu kidogo cha jivu kutoka jikoni kwao, akamimina juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini, Mwalimu akalisawazisha kwa kipande cha ubao, na hapo ndipo tulipoandika kwa vidole.

Nimesoma kidogo tu, na haya nayaandika katika daftari nililozoea kuandikia mvua na kuzaa kwa mbuzi, kwa hiyo anayenisoma anisamehe nikienda polepole. Tulikuwa watoto kumi na mmoja na ngozi tatu. Mwalimu wetu, Mwalimu Abdallah, alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa na serikali, mwembamba, mwenye kikohozi, asiyezoea baridi yetu ya mwezi wa sita. Mshahara wake ulitoka bomani, lakini nyumba, chakula na vifaa vya shule aliachiwa jumbe wetu, maana yake aliachiwa mama zetu. Na jivu nalo halikuwa sawa. Jivu la mgunga ni zito na jeupe, mstari unakaa wazi hata upepo ukipita. Kwetu kulikuwa na kuni za mgunga. Salimu, rafiki yangu, mama yake alikuwa mjane na alipikia mabua ya mtama, na jivu la mabua ni jepesi kama pamba, ukikohoa tu herufi imeondoka. Basi Salimu aliandika huku amebana pumzi. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi wote, na sijui hadi leo kama ni kwa sababu ya jivu lile baya au licha ya jivu lile baya. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Sheria yetu kubwa ilikuwa moja. Ukimaliza kuandika, Mwalimu anapita nyuma yako, anasoma, anaguna, "Mh," na ukisikia mguno huo unafuta kwa ubavu wa kiganja ili mwenzako apate mahali. Hakupiga mtu kwa kukosea hesabu, lakini kuacha maandishi yako juu ya ngozi baada ya kusomwa kulimuudhi sana. Ilikuwa kama kula ukamwachia mwenzako bakuli chafu. Baada ya miezi michache mikono yetu ilifuta yenyewe. Mama aliniambia kwamba hata usingizini, babangu akiguna kitandani, mimi nilikuwa napangusa mkeka.

Shule yetu ilikuwa tawi la shule ya bomani, na ile ya bomani tulikuwa tukiisikia tu. Ina paa la bati. Ina mabenchi, ina ubao mkubwa na chaki, na kila mtoto ana kibao chake cheusi cha jiwe, kile ambacho siku hizi mnakiita sleti, na kalamu yake ya jiwe. Sisi tuliisimulia kama watu wanavyosimulia harusi ambayo hawakualikwa. Kisha siku moja, baada ya mavuno, akida akaja na habari kwamba vibao vimefika kutoka pwani, sanduku moja jipya, na Bwana Shauri, Mjerumani wa bomani aliyesikiliza mashauri ya watu, anataka kulipeleka mahali litakapofaa. Shule mbili zitapimwa siku moja, mahali pamoja, kwa swali moja. Itakayofanya vizuri itapata sanduku. Ya pili, akasema akida huku akimtazama Mwalimu wala si sisi, huenda haina haja ya kuendelea kuwa na mwalimu.

Siku ile Mwalimu hakukohoa hata mara moja. Alituambia tu tuendelee. Lakini tangu hapo sisi watoto tulijua kwamba tukishindwa, yeye ataondoka na ngozi zitarudi kulaliwa.

Tulitembea kutwa, tukalala jikoni kwa akida, na asubuhi tukaingia chini ya bati. Nataka niseme haki: palikuwa pazuri. Palikuwa na mwanga, na sakafu ilifagiliwa. Watoto wa pale walikuwa wamevaa kanzu safi, na mmoja wao, jina lake Hamisi, alitutazama miguu yetu iliyopauka kwa vumbi akasema, "Nyinyi ndio watoto wa jivu? Mbona mmejipaka hata miguuni?"

Salimu akamjibu, "Tumelibeba lote. Tuliogopa mtaliiba."

Watoto wa pande zote mbili wakacheka, na mimi nikapungukiwa na hofu kidogo.

Bwana Shauri alikuwa mtu mrefu mwenye Kiswahili kikavu lakini kilichonyooka. Alitugawia vibao sisi pia, vibao vile vile vya sandukuni. Kwanza andikeni, alisema: Ng'ombe wanakunywa maji mtoni. Halafu hesabu: wapagazi thelathini na sita, kila hema wanalala wanne, mahema mangapi? Walimu wawili waliruhusiwa kupita nyuma ya watoto wao kuangalia asiwepo anayechungulia kwa jirani.

Sijawahi kushika kitu kigumu namna ile. Kalamu ililia juu ya jiwe kama panya. Nikaandika "Ng'ombe" kwa ukubwa niliouzoea kwenye ngozi, na kibao kikajaa, ikabidi nifute kwa mate na kuanza upya kwa herufi ndogo. Wenzangu walikuwa wepesi zaidi kuzoea. Nilikuwa mwisho wa benchi, bado naandika "mtoni", niliposikia Mwalimu ameanza kupita nyuma yetu. Alikuwa anatembea taratibu, mikono mgongoni, macho yake yakikimbilia kibao kinachofuata. Akafika kwa wa kwanza, akasoma. "Mh." Akafika kwa wa pili. "Mh." Nadhani hakujua kwamba anaguna. Ilikuwa pumzi yake tu. Aliguna mara kumi, na moyo wangu ulifurahi kila mara, maana mguno ule mfupi ulikuwa wa kuridhika. Aliponifikia mimi nilikuwa nimeandika jawabu la hesabu nusu nusu, hivyo akasimama, hakuguna, na nikiwa namalizia neno la mwisho Bwana Shauri akasema, "Kalamu chini."

Bwana Shauri alipita kwanza kwa watoto wa bomani akiandika katika daftari lake. Kisha akaja kwetu. Kibao cha kwanza kilikuwa kitupu, kimepakaa weupe kama dirisha lililopanguswa kwa kiwiko. Cha pili hivyo hivyo. Alipofika kwa Salimu alikiinua kibao, akakigeuza nyuma, akakirudisha. Salimu alikuwa amekaa ameweka mikono magotini, mtulivu, ametimiza wajibu wake. Ndipo nikamwona Mwalimu. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi.

"Hawa wamefanya nini?" akauliza Bwana Shauri.

"Wamefuta, Bwana," akasema Mwalimu. "Nilishayasoma maandishi yao. Kwetu mtoto akishasomwa anafuta. Ni adabu."

Bwana Shauri alipitisha kidole juu ya safu za daftari lake. "Daftari hili halina safu ya adabu," akasema.

Mwalimu akaomba tuandike tena, pale pale, mbele yake. Watu wengi niliowasimulia habari hii hufika hapa wakamlaani yule Mjerumani, na mimi nilimchukia miaka mingi, lakini lazima niandike alichojibu. Alisema majawabu ya watoto wa bomani yamekaa wazi juu ya vibao, kila mtu humu ameshayaona, na kuwaandikisha tena watoto wa upande mmoja si haki kwa wa upande wa pili. Nimetafuta la kumjibu kwa miaka hii yote. Angeweza kutoa swali jingine, labda. Siku ile hakuna aliyelifikiria, hata Mwalimu.

Kisha yule Mjerumani akafika kwangu. Kibao changu peke yake kilikuwa na maandishi. Ng'ombe walikuwa wanakunywa maji mtoni bila kosa, na chini yake mahema manane. Ni tisa. Bwana Shauri alikitazama akasema, "Huyu amejaribu." Akaniuliza jina langu na la baba, akaandika.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Mwalimu alitangulia mbele, kikohozi kimemrudia. Nyuma watoto walitaja majawabu yao, tisa, tisa, tisa, na mimi nikahesabu upya kwa vidole. Sikuona vibao vyao, hivyo siwezi kuapa. Inawezekana mmoja au wawili walisema tisa kwa kuwa Salimu alikwisha kusema. Lakini Salimu namwamini. Tulipofika kwenye kijito alinigeukia.

"Wewe mbona hukufuta?"

"Sikuwa nimemaliza."

Akacheka, kicheko cha kweli, akanipiga begani. "Ningekuwa mzito kama wewe, ningetajwa leo bomani."

Sanduku lilibaki bomani. Mwalimu Abdallah alihamishwa upande wa Chemba, na asubuhi aliyoondoka kila mama alimpa kitu, na mama yake Salimu, ambaye hakuwa na kitu, alimpa kibuyu kilichojaa uwele hadi shingoni. Ngozi zilirudi kulaliwa. Salimu akaenda kuchunga. Na mimi, mtoto wa mahema manane, nikaitwa shule ya bati kwa kuwa jina langu lilikuwa katika daftari.

Nilisoma huko mwaka mmoja na miezi kadhaa, hadi vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofunga kila kitu. Nilikwenda nikiwa na hamu ya kujua wale wenzetu wana nini kichwani, na nitasema nilichokiona. Walikuwa hawatuzidi akili. Hawakuwa wajinga pia, kama tulivyojiliwaza njiani. Hamisi, yule mwenye maneno, alikuwa anazidisha kichwani haraka kuliko mtu mzima yeyote niliyewahi kumwona, na siku yangu ya kwanza aliivunja kalamu yake vipande viwili akanipa kimoja. Walichapwa viboko kuliko sisi, na walichota maji ya bustani ya Bwana kila jioni. Waliweza kuangalia kosa la jana na kulirekebisha leo, jambo ambalo sisi hatukuweza, kwa sababu jana yetu ilikuwa imefutwa. Lakini ukiwanyang'anya vibao, ya jana hawakuyakumbuka, na sisi tuliyakumbuka kwa kukosa pengine pa kuyaweka. Siku moja nilileta jivu la mgunga kutoka kwetu, nikalitandaza uwanjani, nikamwambia Hamisi aandike jina lake. Aliandika kwa herufi ndogo za kibaoni, zikafukiana, hata yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma. "Jivu lako linakula," akasema, na akaandika tena, na tena, hadi kengele ikalia.

Sasa mimi ni mzee, na nimewekwa katika kamati ya shule za kata yetu, sijui kwa elimu gani. Kata yetu ina shule mbili. Juzi tulikalishwa mbele ya karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, majina ya shule upande mmoja na matokeo upande mwingine, na madawati mapya yakisubiri nje chini ya turubai. Mwenyekiti wetu, kijana mwenye heshima zake, alipendekeza madawati yaende kwenye shule iliyofaulu, na ile ya chini ingoje hadi ijitahidi. Wote walitia sahihi. Mimi niliomba siku tatu kabla ya kutia yangu. Mwenyekiti akasema, "Babu, namba zipo wazi." Ni kweli zilikuwa wazi. Nilisema tu kwamba mimi ni mzito.

Kesho yake nikachukua fimbo yangu nikaenda kwenye shule ile ya chini. Ilikuwa saa ya mapumziko. Karibu na ukuta msichana mdogo alikuwa amechuchumaa anaandika hesabu kwenye vumbi kwa kijiti. Aliponiona nakuja upande wake akasimama, akasema, "Shikamoo, babu," na kwa unyayo wake akafuta yote haraka, ili nipite pasafi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Uliandika nini?"

Akatazama chini kwa haya. "Hesabu tu."

"Iandike tena."

Akachuchumaa. Hakuharakisha, na mimi sikumharakisha. Nilisimama pale juani nimeegemea fimbo hadi alipomaliza, kisha nikaihesabu hesabu yake kwa vidole, mara mbili, kwa sababu kugawanya bado kunanisumbua. Ilikuwa sahihi. Nikatoa daftari langu mfukoni nikainakili yote kama alivyoiandika, pamoja na jina lake, ili niende nayo kwenye kamati.