Kumtafuta Mdogo Wangu Kwenye Picha za Bangkok

Sijawahi kupanda ndege, na Bangkok sitafika, lakini mgeni wa mji ule nikipewa nitamtembeza bila kupotea. Kwenye kasri la wafalme huingii na kaptula. Kwenye hekalu la Buda aliyelala unavua viatu mlangoni, kisha unapita nyuma ya mgongo wake ukidondosha sarafu kwenye vibakuli vya shaba. Hekalu la Alfajiri liko ng'ambo ya mto, unavuka kwa kivuko, na minara yake imepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure, ambavyo sisi vikivunjika tunavitupa jalalani. Yote haya nimejifunza kwenye simu, nimekaa nyuma ya cherehani yangu hapa Bariadi mjini, na nayachukia yote.

Aliyekwenda ni mdogo wangu. Alimaliza chuo, ajira hakuna, akarudi Ngulyati kulima pamba na mama. Ndipo akampata mtandaoni wakala aliyemwahidi kazi ya kompyuta. Wakala alituma picha za mahekalu hayo, nasi tukazikodolea macho utadhani kazi yenyewe inafanyikia humo ndani. Maksai wa kulimia wakauzwa, tiketi ikapatikana. Mama alimfungia michembe, viazi vitamu vya kukausha, maana hakuamini kama huko kuna chakula cha maana. Ujumbe wa mwisho kutoka kwake ulisema amefika, wanasema mji ni mzuri, atatembea akipata nafasi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Polisi tulikwenda, tukaandikisha maelezo, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mpaka pamba ikavunwa. Mjomba akaja kutoka Nkololo kumpa mama pole, na yeye hawezi kutoa pole bila kutoa amri. Kwetu ng'ombe akiibwa, hutangatangi porini. Unakwenda mnadani, unasimama pale wanapoingizia mifugo, maana siku moja wako atapitishwa hapo. Hata mtu aliyepotea miaka, mnadani ndiko utakakosikia habari zake. Mjomba akauliza huko Bangkok watu wote wanakutania wapi. Nikamwonyesha hekalu kwenye simu, watu wamefurika ngazi zote.

"Basi mnada wao ndio huo," akasema. "Simameni hapo."

Nilimcheka moyoni. Jioni hiyo hiyo nikaanza kusimama.

Wageni wa kila nchi hujirekodi video za kuweka mtandaoni wakitembea mle, wakicheka, wakila maembe na wali. Sikuwa na shida na nyuso zao. Nilitazama nyuma yao, kwenye umati, nikitafuta mabega. Mdogo wangu nimempima tangu kaptula zake za shule, bega lake la kushoto linashuka, na kila shati nililomshonea nililikata kwa kulifuata bega hilo. Nilijiambia kwamba uso unaweza kukonda ukanipotea, lakini bega halitanipotea. Wateja walilalamika nguo zao zinachelewa, nami niliwajibu ovyo.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Ngulyati, nikatazama na mama. Aliishika simu karibu na pua. Kila alipopita mtu mweusi aliniambia nirudishe. Mara moja tulimwona mwanamume kwenye kivuko, ametupa mgongo, bega limeshuka. Mama alinishika mkono. Tuliirudisha sehemu ile mara nyingi mpaka tukathubutu kuiacha iendelee, naye akageuka, mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe. Mama akampa pole, sijui ya nini.

Mwaka huu karibu na mavuno alikuja kijana wa Lamadi, mtoto wa wauza dagaa, akiuliza nyumba yetu. Alikuwa amepanda ndege moja na mdogo wangu. Tulimkalisha uani, akasimulia akitazama chini. Walipokelewa uwanjani na gari lenye mapazia, wakanyang'anywa simu, wakasafirishwa usiku na mchana, wakavushwa mto kwa boti mpaka nchi nyingine. Huko kulikuwa na majengo yenye seng'enge, na kazi ya kompyuta ilikuwa kuwatapeli watu kwa ujumbe. Asiyetapeli vya kutosha alipigwa. Yeye ndugu zake walichanga wakamkomboa. Mdogo wangu aliuzwa jengo jingine, wala hakumwona tena.

Mama akamuuliza kama kabla ya gari lile walipata kuuona mji kidogo.

"Hapana, mama," akasema. "Bangkok tuliiona kwenye picha tu, kama ninyi."

Mama hakulia. Alisonga ugali, akamtengea kijana na samaki, akakaa akimwangalia anavyokula. Mimi nilitaka kumchukia yule kijana kwa kurudi, na nikashindwa. Alipoondoka, mama alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "kumbe wale wote tuliokuwa tunawatazama ni watoto wa wenzetu."

Nikamwambia ndiyo, mayu, mama yangu. Kisha akaniuliza kama huko kwenye majengo ya seng'enge hakuna mtu anayepiga picha.

Nikamwambia hakuna.