Kilo Arobaini za Mama Mwirigi

Njuki, muuzaji wangu, alinichosha, sikatai. Miaka kumi na miwili tuliuza dawa za mifugo katika duka langu pale Kiritiri, na kila mteja wa dawa ya minyoo Njuki alimuuliza swali lilelile: mbuzi ana kilo ngapi? Hakukubali kukisia. Nje ya mlango alikuwa ametundika mizani na gunia lenye matundu manne ya miguu. Watu walimcheka, wakisema hata daktari wa binadamu hana maswali mengi hivyo.

"Phyllis," aliniambia kila nilipomharakisha, "dawa hii kilo nne ni mililita moja. Ukizidisha mara mbili, mbuzi anatetemeka. Mara tatu, unachimba shimo. Nafasi ya kukosea ni hiyo tu."

Shida ni kwamba hapa kwetu hakuna anayetaja uzito wa kweli wa mbuzi wake. Soko limetuharibu: ukisema ishirini, mnunuzi anashika kumi na tano. Basi tunapandisha, na tukizoea tunapandisha hata mbele ya muuza dawa.

Mwaka wa tisini na nne, kiangazi kilipokwisha, alikuja Ciakuthii, mama yake Mwirigi. Alikuwa na mbuzi wanane wa mahari ya kijana wake, wa kupelekwa Jumamosi kwa Naftaly, baba ya msichana. Wote walikuwa wanaharisha.

"Ni kilo arobaini arobaini," alisema.

"Mama Mwirigi, lete hata mmoja nimpime."

"Unipimie hapa barabarani, watu ya Naftaly waone? Mimi nilimwambia mbuzi ni kubwa. Nipe dawa ya arobaini ama niende kwa mwingine."

Njuki alibishana naye hadi sauti ikamkauka. Mimi ndiye niliyesema ampe, wateja wanangoja. Akampimia mililita kumi kwa kila mbuzi, akatupa mezani kitambaa cha kufutia vipimo.

Asubuhi iliyofuata tuliitwa nyumbani kwa Ciakuthii. Mbuzi watatu walikuwa wamekufa, mate yamekauka midomoni. Watano walisimama wakitetemeka. Ciakuthii alikiri kwamba aliongeza kidogo kwa kila mmoja, ili wapone kabla ya Jumamosi.

Njuki hakumfokea. Nilitamani amfokee, ama anifokee mimi, maana nilistahili. Alimtia mmoja wa waliokufa kwenye lile gunia lake, akamtundika kwa ile mizani kwenye mti wa boma. Kilo ishirini na moja. Akatoa daftari lake la dawa ili aandike.

Ciakuthii alikuja mbio akafunika uso wa mizani kwa kiganja.

"Kijana yangu, andika arobaini," alisema huku akilia. "Naftaly atauliza zile zimekufa zilikuwa kubwa namna gani."