Bibi Harusi wa Vumbi la Njano

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimehamia Ruangwa kutoka Kagera, na mdomo wangu hunitangulia. Kuna wimbo uliojaa kwenye simu za hapa: unaanza na gitaa, unageuka ngoma, unaishia kama dua. Niliuandika ubaoni: “Alfajiri navikwa njano, bibi harusi nisiye na bwana.” Nikawaeleza Kidato cha Nne kwamba njano ni kifo. Wakainamisha vichwa, nikadhani wameguswa.

Siku ya wazazi nikalirudia somo lile kwa mbwembwe. Mama mmoja wa kijiji cha Mbekenyera akanyoosha mkono.

“Samahani, Mwalimu. Njano ni salfa, ile dawa ya unga. Tukipuliza mikorosho, inatuganda mwili mzima. Na mume alishafariki, mwanamke anapuliza peke yake.”

“Mama yangu,” nikamwambia kwa upole wa kijinga, “fasihi inahitaji kuchimba. Mtunzi hakumaanisha hivyo.”

Akasimama, akaimba ubeti wa pili. Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu. Vinyweleo vilinisimama, nilisahau hata kuona aibu. Kumbe darasa zima lilikuwa linamjua.

Alipomaliza akaketi, akatengeneza kanga yake, akasema kwa adabu:

“Haya, Mwalimu, endelea. Ulisema mtunzi alimaanisha nini?”