Ubeti Aliouandaa Eleuterio

Huku kwetu Majibacoa kuna neno tunalolipenda kuliko kahawa: repente. Ni kutenda papo hapo, bila kujiandaa. Mwimbaji anapewa mstari wa mwisho na wasikilizaji, naye anatunga mingine tisa ya kuutangulia huku gitaa likilia. Akifaulu, tunasema ameimba kwa repente, na sifa ya kuzidi hiyo hatuna. Anayekuja na ubeti aliouandaa nyumbani tunamwona mwizi.

Eleuterio Machín alikuwa bingwa wa mambo hayo. Lakini na maisha yake aliyaendesha vivyo hivyo. Alinunua farasi kwa repente, akaacha kazi ya kiwanda cha sukari kwa repente. Zoraida, msusi wa kofia, alimsubiri miaka sita atamke neno la ndoa, naye akawa anamjibu kwamba likimjia atalisema. Mtu mzima na ndevu zake.

Zoraida akachoka, akapata kazi Camagüey, mji wa mbali. Hapo Eleuterio akashikwa na hofu. Kwa siku tatu alikaa kitako na penseli, akaandika ubeti wa kumwomba abaki.

Jumapili, kwenye karamu ya kumuaga, watu wakila nguruwe wa kuchoma, alipewa mstari kuhusu mvua iliyokataa kunyesha. Akauimba ubeti wake, akaubandika ule wa mvua mwishoni. Haukushikana na mingine. Watu wakaanza kunong'ona.

"Huo umeutoa kabatini, bwana," mpiga gitaa akamwambia. "Bado una mikunjo."

Wakacheka wote, isipokuwa Zoraida. Kwa aibu, Eleuterio akaapa kwamba ulimjia palepale, kwamba kumwomba Zoraida abaki alikuwa anatania tu. Kesho yake Zoraida akaondoka.

Imepita miaka ishirini na mitatu. Eleuterio bado anaimba, bado anashangiliwa, na bado anamtamani mwanamke yule hadi kifua kinamuuma. Mwezi uliopita Zoraida alikuja kumzika dada yake, akapita kunywa kahawa mlangoni pa Eleuterio.

"Zoraida, ule ubeti niliuandaa. Siku tatu nzima."

"Nilijua. Niliona kidole chako, cheusi kwa penseli." Akamrudishia kikombe. "Nilikuwa nangoja ukiri tu, Eleuterio. Hata sanduku nilikuwa sijalifunga."

Eleuterio akafungua kinywa amjibu. Hakuna lililomjia.